Kikoa cha Maimuna

Kilwa Kivinje,
10 Juni 2025

Mke mwenzangu mpendwa,

Shikamoo Bibi. Baba anakusalimu, Mama anakusalimu, na Ismael konda anayekuletea barua hii atakusalimu kwa mdomo wake mwenyewe, maana hajui kunyamaza.

Najua tumeongea juzi tu. Lakini kwenye simu wewe huitikia "eeh, eeh" na kumbe hujasikia kitu, na jambo hili nataka ulipate lote. Kuna kituo cha sanaa Dar es Salaam kinachukua mafundi vijana kumi na wawili kwa miezi mitatu. Wanawafundisha kubuni, kuchanganya rangi na kupeleka kazi kwenye maonesho. Bibi, naitaka nafasi hiyo mpaka chakula hakipiti. Tangu nimalize shule sijawahi kukitaka kitu namna hii.

Sharti lao ni moja. Lazima uwe na tovuti yako, yaani kurasa zako kwenye intaneti zenye picha za kazi zako, na uwapelekee kabla ya tarehe 31 Julai. Mimi na tovuti wapi na wapi? Nikamwendea Majid mwenye steshenari, akaniambia ni rahisi, kaa hapo bonyeza. Siku ya kwanza nilikaa saa tatu nzima, nikafanikiwa kuandika jina langu tu, tena kubwa, limejaa kioo chote kama tangazo la mkutano wa hadhara. Siku ya pili nikalifuta kwa bahati mbaya. Lakini jana, Bibi, nimepiga hatua: nimepata kikoa! Kina jina langu mwenyewe, Maimuna Hussen.

Kwa hiyo nakutumia ukindu nilioutia rangi: bunda la wekundu, la zambarau na la usiotiwa kitu. Nisukie ukili kama kawaida yetu, nami niunganishe mikanda yake nishone mkeka mmoja na mikoba miwili ya kumalizia picha zangu. Fanya upesi mke mwenzangu, nakutegemea wewe.

Mjukuu wako,
Maimuna


Kitomanga,
16 Juni 2025

Kwa mke mwenzangu Maimuna,

Marahaba. Sisi huku wazima, ufuta tumeshavuna, mgongo ndio unaolalamika.

Nimefurahi sana kusikia umepata kikoa. Sikujua kama wasichana wa Kivinje bado wanakula kikoa! Sisi zamani tulikuwa saba. Leo anapika huyu, wote tunakwenda kula kwake, kesho zamu ya mwingine, mpaka inazunguka. Mvivu alijulikana siku ya kwanza, na mchoyo siku ya pili. Ila mbona hukusema mko wangapi na zamu yako ni lini? Usije ukawapikia wenzako wali wa bokoboko wakasema hukufundwa.

Nimempa Ismael kikapu. Kuna mchele wa shamba letu, kunde, ufuta, na jogoo. Jogoo ni mkorofi, usimfungue kamba mpaka kisu kiwe mkononi. Akikuuliza mtu vimetoka wapi, mwambie vimetoka kwa bibi yangu Somoe.

Lile neno lingine, tovuti, sikulielewa. Mwanzo nilisikia utovu, nikasema masikini, mjukuu wangu kapatwa na utovu wa nini tena, wa adabu? Hebu nieleze polepole.

Ukili wako huu hapa, mabunda yote matatu. Nimeusuka mwenyewe kama kawaida. Usishangae maandishi kuwa makubwa, kalamu ndogo zimeniishia.

Bibi yako,
Somoe Alfani


Kilwa Kivinje,
20 Juni 2025

Shikamoo mke mwenzangu,

Nimecheka hadi nikaketi chini! Bibi jamani, kikoa cha kompyuta si cha kula! Ndiyo anwani ya tovuti. Mtu yeyote, awe Lindi awe Ulaya, akiandika jina la kikoa changu kwenye simu, anaziona kazi zangu. Majid amesema nikuambie na yeye hakuwahi kufikiria kuwa neno hilo lina wali ndani yake. Jogoo hata hivyo tumemla, na Majid amekula paja. Alinikimbiza uani mara mbili kabla ya hapo. Jogoo, si Majid.

Ukili umekuja mzuri ajabu, umebana kuliko hata wa mwaka jana. Nimeshashona mkeka, na mikoba nitamaliza kesho.

Tovuti nayo inaanza kukaa sawa. Picha zangu za kwanza zilikuwa nzito mno, mtu anafungua anasubiri mpaka anapitiwa na usingizi. Majid amenifundisha kuzipunguza. Halafu chini ya kila picha kulikuwa na maneno ya lugha nisiyoijua, nikayaacha nikidhani ndiyo mapambo yenyewe. Kumbe ni Kilatini cha kujazia nafasi tu, unatakiwa ukifute uandike ya kwako! Siku nne mkoba wangu umekaa mtandaoni na Kilatini chini yake.

Kuna ukurasa unaitwa Kuhusu Mimi. Huo umenitoa jasho, maana sijazoea kujisema. Nimeandika hivi, nisikilize: "Mimi ni Maimuna Hussen, fundi wa mikeka na mikoba ya ukindu. Kila kazi unayoiona hapa nimeifanya kwa mikono yangu peke yangu, tangu jani hadi mshono wa mwisho." Unaonaje? Majid anasema imesimama.

Nijibu upesi.

Maimuna


Kitomanga,
27 Juni 2025

Maimuna,

Marahaba. Barua nimeipata na nimeielewa.

Nimefurahi jogoo alikuwa mtamu. Kuhusu hicho kikoa, sasa nimeelewa ni cha mtu mmoja. Sisi mtu akila kikoa peke yake tulimwita mlafi, lakini huenda siku hizi kuna jina lingine.

Msalimie baba yako.

Somoe Alfani


Kilwa Kivinje,
2 Julai 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, na nakuamkia nikiwa nimepiga magoti.

Barua yako ina mistari michache na nimeisoma mara ishirini. Hukuniita mke mwenzangu. Tangu nizaliwe hujawahi kuniita Maimuna tupu, hata ile siku niliyomwaga rangi kwenye kanga yako ya Idi.

Najua nilichofanya. Sitajitetea sana. Wale watu wa Dar waliandika kwamba wanataka kuona kazi za mwombaji mwenyewe, nikaogopa. Nikasema nikitaja kwamba ukili unasukwa na bibi yangu Kitomanga, wataniuliza sasa wewe fundi wa nini, fundi wa sindano? Nikaandika peke yangu. Nilipoandika moyo uliniuma kidogo, nikaunyamazisha. Halafu, kwa ujinga nisioujua umetoka wapi, nikakunukulia wewe mwenyewe na kukuuliza unaonaje! Mtu anaiba kuku halafu anamletea mwenyewe mchuzi auonje chumvi.

Nisamehe Bibi. Nakupenda kuliko huo mtandao wote. Leo hii nakwenda kwa Majid nafuta yale maneno, naandika: ukili wote umesukwa na Somoe Alfani wa Kitomanga. Nafasi wakininyima na waninyime. Ila nisikufiche, nitalia sana.

Mke mwenzako, kama bado unanitaka,
Maimuna


Kitomanga,
8 Julai 2025

Mke mwenzangu mpenzi,

Marahaba, inuka hapo, utachubuka magoti.

Usiandike jina langu. Ngoja kwanza. Barua hii naisema kwa mdomo, anayeiandika ni jirani yangu Restuta. Na zile barua zako zote tangu mwezi wa tatu anayenisomea ni yeye, kwa sababu mimi sioni.

Ndiyo, nimelisema. Macho yameingia ukungu, la kulia limekwisha kabisa, la kushoto linaniambia mchana na usiku tu. Zile barua mbili nilizokuandikia niliandika kwa kupapasa ukingo wa karatasi. Baba yako alipokuja Idi niliketi mlangoni na ukili mkononi, vidole vinakwenda, akasema mama hongera bado una nguvu. Nilikuwa nasuka na kufumua palepale, sikusuka kitu. Ukindu wako wote wa mwaka huu ameusuka Restuta. Mimi nilimfundisha, miaka sita iliyopita, aliposhuka kutoka Newala na mumewe kuja kulima huku, hajui hata kuchana jani. Sasa ananipita. Wewe mwenyewe umesema umebana kuliko wa mwaka jana, na hilo neno lilinichoma, lakini ni kweli.

Sasa sikiliza kilichotokea. Ile barua yako ya Kuhusu Mimi alinisomea Restuta, jioni, tuko uani. Amefika pale kwenye mikono yangu peke yangu akanyamaza kidogo. Kisha akaendelea kusoma mpaka mwisho, sauti ileile. Akakunja karatasi akaenda kuchochea moto. Mke mwenzangu, sikukasirika kwa ajili yangu, niliona aibu. Wewe umesema ni kazi yako, mimi nilikuwa nimekwambia ni kazi yangu, na mwenye kazi ametusomea uongo wetu wote wawili.

Kwa nini sikusema? Niliogopa ungenionea huruma, ungeacha kunitumia ukindu. Nikae hapa nihesabu mbuzi? Nilitaka niendelee kuwa na kazi na wewe. Hilo tu.

Ukitaka kuandika jina, andika la Restuta.

Bibi yako,
Somoe

Maimuna, mimi Restuta naongeza langu. Tumsifu Yesu Kristo, najua wewe huitikii lakini ndiyo salamu yangu. Sikunyamaza kwa hasira. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshaandika jina lako kwenye simu yangu nikaingia kwenye hiyo tovuti, nimeuona ukili wangu uko pale unang'aa, nikasema hata bila jina, umefika. Halafu nikaona Kilatini chini yake nikadhani umeuombea misa.


Kilwa Kivinje,
14 Julai 2025

Mke mwenzangu mpenzi, na Da Restuta unayesoma,

Shikamoo Bibi. Da Restuta, milele amina. Nimeuliza nikaambiwa ndivyo inavyoitikiwa.

Nimelia, nimecheka, nimelia tena, Mama akaniuliza kama nimeachwa. Da Restuta, nisamehe. Ungeweza kuiruka ile sentensi wala mimi wala Bibi tusijue. Sasa fungua simu yako uone. Chini ya kila picha nimeandika: ukili, Restuta Fidelis, au ukili, Somoe Alfani, kwa zile za zamani. Rangi na mshono, Maimuna Hussen. Nimefuta peke yangu. Majid ameniuliza kama nina uhakika, nikamwambia toa mkono hapo.

Kisha nikawaandikia wale wa Dar nikawaeleza ukweli wote. Wamejibu baada ya siku mbili, kwa upole. Wanasema kazi za kushirikiana wanazikubali, hazina ubaya, ila nafasi ni ya mtu mmoja, kwa hiyo lazima waone angalau kazi moja niliyoifanya mwenyewe tangu jani hadi mshono. Yaani maneno yangu yaleyale wamenirudishia.

Bibi, ninayo moja tu. Ni msala mdogo niliousuka mwaka juzi nikaficha chini ya godoro, kwa sababu umekwenda upande. Ukiutandika kuelekea kibla, pembe moja inaelekea Mafia. Nikiuweka huo ndio mwisho wangu, watacheka. Nisipouweka, pia ndio mwisho wangu. Nifanyeje?

La pili si swali. Nimempigia simu mtu wa hospitali Lindi. Ukungu huo ni mtoto wa jicho, unatolewa, na madaktari wa macho watakuwepo tarehe 4 Agosti. Baba nimemwambia. Ndiyo, nimemwambia, nigombeze ukishaniona. Atakuja kukuchukua.

Maimuna


Kitomanga,
19 Julai 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mdomo wako kama wa Ismael. Baba yako amenipigia simu amenigombeza kama mtoto, nikajifanya sisikii.

Weka msala. Sijauona, lakini najua hauwezi kuwa mbaya kuliko wa kwangu wa kwanza, ambao mama yangu aliwatandikia kuku. Hao watu wamekuuliza mikono yako inaweza nini. Waoneshe inapoishia, wajue pa kuanzia.

Hospitali nitakwenda. Naogopa. Restuta anataka kuandika naogopa kidogo, nimemwambia andika naogopa sana. Kisu kwenye jicho si mchezo. Lakini nimechoka kuongea na watu nisiowaona nyuso.

Bibi yako,
Somoe


Kilwa Kivinje,
18 Agosti 2025

Mke mwenzangu!

Shikamoo shikamoo shikamoo. Wamenichukua! Bibi, wamenichukua! Nimepigiwa simu jana nikiwa kwa Majid, nikapiga kelele mpaka mteja wake akaacha fotokopi zake akakimbia nje. Tunaanza tarehe mosi Oktoba.

Nilimwuliza yule mama aliyepiga kama waliuona msala. Akasema walikaa nao muda mrefu. Sikuthubutu kuuliza muda mrefu wakifanya nini.

Baba amesema upasuaji ulikwenda vizuri lakini hakuniambia unaona nini na unaona vipi, wanaume hawajui kusimulia. Nisamehe sikuja Lindi, Mama alikuwa na homa nikabaki naye. Niandikie wewe mwenyewe, hata neno moja, nione kwa macho yangu.

Nakupenda,
Maimuna


Kitomanga,
23 Agosti 2025

Mke mwenzangu Maimuna,

Marahaba mara tatu. Barua hii naiandika mwenyewe na mistari naiona. Restuta yuko hapa pembeni hana kazi, anakula karanga.

Hongera mwanangu. Nimepiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika.

Sasa nikusimulie. Walinifungua kitambaa asubuhi. Mtu wa kwanza kumwona ni Restuta, maana alinisindikiza Lindi. Nikamwambia, wewe, kumbe una mvi! Akasema bibi nimeota mvi kwa ajili yako. Tukacheka pale, nesi akatutuliza. Kisha tukakaa kwenye benchi nje, akafungua simu yake akanipa. Mikeka ikaja mmoja mmoja, zile rangi zako, jamani zile rangi. Nilikuwa nimezisahau. Zambarau ile umeipataje? Chini yake kuna maandishi. Restuta akataka kunisomea nikamkataza. Nikaweka kidole nikasoma mwenyewe, silabi moja moja, kama tulivyofundishwa darasa la watu wazima: So-mo-e Al-fa-ni. Ukiacha barua zangu, sijawahi kuliona jina langu mahali pengine zaidi ya kadi ya kliniki.

Halafu ukaja msala.

Mke mwenzangu, umepinda. Sitakudanganya, wewe na mimi tumedanganyana vya kutosha. Ukili wa tatu umeacha jani ukalirudia baadaye, na ule wa sita umeuvuta ukakaza. Niliutazama sana, kisha nikaanza kulia, Restuta akadhani ni jicho linauma. Nililia kwa sababu nilikumbuka. Ulikuwa na miaka minane, unakaa na mimi hapa likizo nzima, unasuka. Kila ulipokosea nilikunyang'anya nikamalizia mimi. Likizo zote. Nikakurudishia ukili umenyooka, nikasema haya, umejua. Hukujua, sikukuacha ukajua. Hayo makosa ya ukili wa tatu yalikuwa yakutoke ukiwa na miaka minane, na mimi niliyachukua.

Una wiki tano kabla ya Dar. Njoo Jumatano na basi la Ismael. Usilete kitu, ukindu upo. Tutakaa uani sisi watatu, utasuka wewe, utakosea, utafumua, utasuka tena. Mimi nitakaa nikutazame, na mikono yangu nitaikalia.

Bibi yako anayekuona,
Somoe Alfani